Kemikali kwenye matairi: jinsi ya kujua sheria imefikia wapi na wewe mwenye gari ufanye nini

Ukienda kununua tairi utaulizwa saizi, utatajiwa bei na utaahidiwa litatembea maili kadhaa kabla halijawa kipara, ila kuna nini ndani ya ule mpira hakuna anayekwambia, na hata uligeuze pande zote hutaona pameandikwa. Muuzaji wala hakufichi, hakuna sheria inayomtaka aorodheshe viungo. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba serikali imeanza kubana kemikali za matairi anabaki anajiuliza ni kemikali gani, serikali ipi, na je nitatakiwa kubadilisha matairi yangu? (Hapana, hutatakiwa, tulia.)

Naandika zaidi kwa wenzangu walioko Marekani, hasa huku magharibi, Washington na California, maana ndiko mambo haya yalikochemkia na wengi wetu riziki iko kwenye usukani, malori, teksi za app, kusambaza mizigo. Walioko Ulaya na nyumbani nao wana sehemu yao, nitaigusa.

ANZA NA JINA

Jina la kushika ni 6PPD. Ni kemikali inayochanganywa kwenye mpira wa karibu kila tairi la gari, kama asilimia 1 hadi 2 hivi ya uzito, na kazi yake ni kuzuia mpira usipasuke. Hewani kuna gesi ya ozoni na ozoni inaula mpira, zile nyufa ndogondogo unazoziona ubavuni kwa tairi lililokaa sana mara nyingi ni kazi yake. Sasa 6PPD inapanda polepole kutoka ndani hadi juu ya mpira, inakutana na ozoni kwanza, inaumia yenyewe mpira unasalimika. Kwa usalama barabarani ni kitu cha maana kabisa na ndo maana kuiondoa sio kazi ya siku moja.

Shida ni kile kinachobaki. 6PPD ikishakutana na ozoni inageuka kuwa kitu kingine kinaitwa 6PPD-kwinoni, kinakaa kwenye vumbi la tairi lililosagika barabarani, mvua ikinyesha kinaingia mtaroni na mtaro unamwaga kwenye kijito. Kule Washington kuna samaki samoni aina ya koho, wanatoka baharini kurudi kwenye vijito kutaga, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanaona ajabu moja, mvua ikishapiga mjini koho wanaanza kuzunguka hovyo, wanatoa midomo juu ya maji kama wanakosa hewa, wanapinduka, na ndani ya masaa machache wamekufa, majike wakiwa na mayai yote tumboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kampasi ya Tacoma na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kule Puyallup walichukua maji yaliyolowekwa vumbi la tairi, yana kemikali zaidi ya 2,000, wakawa wanayagawa mafungu mafungu, kila fungu wanalijaribu kwa samaki, lisiloua linawekwa pembeni linaloua linagawanywa tena, mpaka wakabaki na kitu kimoja chenye fomula C18H22N2O2. Wakakitafuta kwenye orodha za viungo vya matairi, hakipo! Hakipo kwa sababu hakuna kiwanda kinachokiweka. Kumbe 6PPD ni C18H24N2, ukiitoa haidrojeni mbili ukaiongeza oksijeni mbili unapata muuaji mwenyewe. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Science Desemba 2020.

Kwa msomaji wa sheria hapa kuna kitu cha kushika. Sheria za kemikali zimezoea kumuuliza mwenye kiwanda "umeweka nini", na hii sumu haiwekwi, inajitengeneza ikiwa barabarani. Ndo maana nyaraka za kubana viwanda zinaitaja 6PPD, na nyaraka za kupima maji zinataja 6PPD-kwinoni, ukigugo jina moja tu utapata nusu ya habari. Gugo yote mawili.

Na ukali wake sio wa kawaida. Vipimo vilivyorekebishwa 2022 vinaonyesha nanogramu 95 kwenye lita moja ya maji zinatosha kuua nusu ya koho wadogo. Bwawa la kuogelea la Olimpiki lina lita kama milioni 2.5, piga hesabu utaona ni robo ya gramu tu kwa bwawa zima, yaani chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Cha kushangaza samoni aina ya chum, ndugu yake kabisa, haimtishi hivyo. Kwa binadamu imeshakutwa kwenye mkojo wa watu kusini mwa China, ila sheria ninazozieleza hapa zimeanzia kwa samaki, kwa hiyo akitokea mtu wa kukuuzia chai ya kutoa sumu ya tairi mwilini mkimbie.

NANI AMESHIKA RUNGU

Hapa ndo watu wengi wanapotea, maana wanatafuta sheria moja na haipo moja. Tafuta kwa mamlaka.

California ndo walitangulia. Idara yao ya kudhibiti sumu, DTSC, ina mpango wa bidhaa salama ambao hauanzi kwa kupiga marufuku, unaanza kwa kumwambia mwenye kiwanda "hii bidhaa yako yenye hii kemikali tumeiweka kwenye orodha ya kipaumbele, sasa kaa chini utafute mbadala utuletee hesabu". Matairi yenye 6PPD yaliingia kwenye orodha hiyo tarehe 1 Oktoba 2023. Viwanda vikapewa siku 60 kujitambulisha na siku 180 kuleta uchambuzi wa kwanza wa mbadala, zikaishia mwisho wa Machi 2024, na kampuni zaidi ya 30 zikajiunga pamoja kupitia chama chao wakaandika uchambuzi mmoja. Baada ya hapo kuna uchambuzi wa pili ulio mrefu zaidi, ndipo idara inaamua, inaweza kudai taarifa zaidi, kuweka masharti au kuzuia kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "California wamepiga marufuku 6PPD" muulize ni kwenye waraka gani, kuwekwa kwenye orodha ya kipaumbele sio marufuku. Nyaraka zao zinawekwa wazi kwenye mfumo wao wa onlaini unaitwa CalSAFER, unaingia unaandika 6PPD, bila kulipa chochote.

Mbona wasizuie tu? Kwa sababu tairi linalopasuka kwenye barabara kuu linaua watu, na mbadala wowote lazima tairi lake lifaulu majaribio ya usalama ya serikali kuu. Halafu kuna mtego mwingine, kemikali zinazokaribia kuziba hilo pengo nyingi ni binamu wa 6PPD, familia hiyohiyo ya PPD, nazo zikikutana na ozoni zinatoa kwinoni zao. Ukitoa moja ukaweka binamu yake bila kupima umefanya nini sasa? Mimi kwenye hili nipo upande wa DTSC, bora wachelewe wakichambua kuliko kutuletea sumu ya pili yenye jina jipya, ingawa najua koho hawana muda wa kusubiri vikao.

Kwa serikali kuu mwenye rungu ni EPA, shirika lake la mazingira, na sheria ya kuangalia inaitwa TSCA, sheria ya kudhibiti kemikali zenye sumu. Kifungu cha 21 cha sheria hiyo kinaruhusu mtu yeyote, nasema yeyote, kuiandikia EPA ombi rasmi ianzishe kanuni juu ya kemikali fulani, na EPA ina siku 90 za kujibu, ikikataa au ikikaa kimya muombaji ana siku 60 za kwenda mahakama ya shirikisho. Tarehe 1 Agosti 2023 makabila matatu ya wenyeji wa asili, Yurok, Port Gamble S'Klallam na Puyallup, wakiwakilishwa na wanasheria wa Earthjustice walituma ombi kama hilo juu ya 6PPD kwenye matairi. Hawa sio wanaharakati wa kupita tu, Wapuyallup kwa mfano wana mkataba na serikali ya Marekani wa mwaka 1854 unaowahakikishia haki ya kuvua, sasa haki ya kuvua samaki ambao hawapo inasaidia nini? Tarehe 2 Novemba 2023 EPA ikakubali ombi. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2024, ikatoa tangazo la awali la kutunga kanuni, na hilo tangazo usilichanganye na kanuni yenyewe, ni hatua ya kukusanya taarifa, wanauliza maswali na wananchi na viwanda wanajibu. Baada yake inatakiwa ije rasimu ya kanuni, maoni tena, halafu kanuni ya mwisho. Katikati hapo, Juni 2024, EPA ilitoa pia kiwango cha kulinganishia maji, nanogramu 11 kwa lita kwa viumbe wa maji baridi, lakini ni mwongozo kwa majimbo na makabila, haumfungi mtu.

Jimbo la Washington nalo lina njia yake, 2024 bunge lao lilipitisha sheria namba SB 5931 inayoyaingiza matairi yenye 6PPD kwenye mpango wa jimbo wa bidhaa salama, unaosimamiwa na idara ya mazingira ya jimbo, inaitwa Ecology. Ukikaa Kent, Tukwila au Tacoma hii ndo ya kuifuatilia kwa karibu kuliko ya Washington DC.

Mlioko Ulaya, kwenu hadithi ni ya zamani kidogo na inatia moyo. Zamani mafuta ya kulainisha mpira yalikuwa yamejaa kemikali za kundi la PAH, baadhi zinasababisha saratani. Umoja wa Ulaya ukasema kuanzia tarehe 1 Januari 2010 kila kilo ya mafuta ya kutengenezea tairi isizidi miligramu 1 ya benzopirini (moja ya hizo PAH) na miligramu 10 kwa jumla ya PAH nane, na ikahusu pia matairi yanayoingizwa kutoka nje. Viwanda vilipiga kelele weeee, halafu vikabadilisha mafuta, na magari yanatembea mpaka leo. Mkiwa na watoto wanaocheza mpira kwenye viwanja vya nyasi bandia, zile chembe nyeusi zinazoingia viatuni nyingi ni matairi yaliyosagwa, na tangu Agosti 2022 chembe hizo haziruhusiwi kuzidi miligramu 20 kwa kilo za hizo PAH nane. Unaweza kabisa kuwauliza wenye uwanja cheti cha kipimo. Na sheria mpya ya Euro 7, ya mwaka 2024, inaleta kiwango cha juu cha tairi kusagika, itaanza na matairi ya magari madogo kuanzia 2028. Hiyo haijali kemikali ipi iko ndani, inajali vumbi linalotoka.

UBAVU WA TAIRI UNAKWAMBIA NINI

Nenda kwenye gari lako sasa hivi na tochi. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho wa mstari utaona tarakimu nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine upande unaouona una DOT lakini hauna zile tarakimu nne, basi ziko upande wa ndani, itabidi ujipinde kidogo. Tarehe hii ina faida kisheria kuliko watu wanavyofikiri, kanuni nyingi za matairi zinaangalia tairi limetengenezwa lini. Ile ya PAH ya Ulaya kwa mfano inahusu yaliyotengenezwa baada ya tarehe 1 Januari 2010.

Ukiona herufi E ndani ya duara na namba pembeni, hiyo ni idhini ya kimataifa, inahusu usalama, kelele, kushika barabara kwenye maji. Walioko nyumbani mnaonunua tairi jipya Kariakoo au Kirinyaga Road mnaweza kuitafuta, ni dalili nzuri ya ubora, lakini haisemi chochote kuhusu 6PPD. Lebo ya Ulaya yenye QR vilevile, ukiiskani itakupeleka kwenye taarifa za mafuta, breki kwenye maji na kelele. Na neno "eco" au kijani kijani kwenye tangazo usilichukulie kama habari ya kemikali, mara nyingi wanaongelea unywaji wa mafuta.

Ukitaka jibu la kemikali muandikie kampuni iliyotengeneza, barua pepe fupi tu: tairi modeli hii, saizi hii, tarehe hii ya DOT, je lina 6PPD na mmefikia wapi kutafuta mbadala. Swali la kwanza jibu lake unalijua, karibu yote yanayo. La pili ndo la maana, na jibu lao litunze, litakusaidia huko chini.

WAKATI SHERIA IKIJIKOKOTA

Kutupa matairi mazima ununue mengine hakusaidii, mapya nayo yana 6PPD. Unachoweza ni kupunguza vumbi na kupunguza vumbi linalofika kijitoni.

Upepo kwanza. Pima angalau mara moja kwa mwezi tairi likiwa la baridi, na namba sahihi iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, sio ile kubwa iliyoandikwa kwenye tairi, ile ni kikomo cha tairi lenyewe na mafundi wengi wanajaza kwa kuitazama hiyo. Upepo ukipungua kashata za pembeni (zile nundu za tairi zinazogusa barabara) zinalika, alaimenti ikiwa mbovu linalika upande mmoja, na kila kinacholika kimeenda mahali. Zungusha matairi mbele na nyuma kila baada ya maili 5,000 hadi 8,000. Kuondoka kwa fujo kwenye taa na kushika breki za ghafla ni kusaga pesa yako mwenyewe. Na wenye magari ya umeme msijione malaika, gari ni zito na lina nguvu ya papo hapo, matairi yanaisha upesi, muulize fundi yeyote wa matairi.

Kuosha gari, acha kuoshea barabarani au kwenye lami mbele ya apatimenti. Sehemu nyingi huku mtaro wa barabarani unaenda moja kwa moja kijitoni bila kusafishwa, wakati sehemu za kibiashara za kuoshea magari maji yao yanaenda kwenye bomba la majitaka. Kama una nyumba na uwanja, osha juu ya nyasi. Udongo unasaidia ajabu, watafiti wa Puyallup walipitisha maji ya mvua ya barabara kuu kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, yale maji ambayo yalikuwa yanaua koho yakatoka chini koho wakaishi humo. Ndo maana miji inachimba zile bustani za kunyonya mvua pembeni ya barabara, na kama mtaa wenu upo kwenye mkutano wa bajeti ya barabara hilo ni jambo la kulidai kwa jina.

KUANDIKA MAONI SERIKALINI

Watu wetu wanaruka hii hatua kwa kudhani ni ya wanasheria au raia tu. Hapana, mtu yeyote anaweza kutuma maoni, hakuna anayeuliza makaratasi, na kwa serikali kuu unaweza hata kutuma bila jina.

Ingia regulations.gov, andika 6PPD, fungua jalada la EPA, na uangalie kama muda wa maoni uko wazi. Kama umefungwa soma maoni ya wengine, mengi ni darasa la bure, halafu jiandikishe kupokea barua pepe ili jalada likifunguliwa upya upate taarifa. Jalada lina namba, iandike juu kabisa ya barua yako.

Halafu usiandike "tafadhali okoeni samaki" ukaishia hapo, barua za hivyo zipo maelfu na zinawekwa fungu moja. Wape kitu ambacho hawana. Dereva wa lori anajua vitu ambavyo mwanasayansi wa maabara hajui: matairi yako yanaisha baada ya maili ngapi, unapita njia zipi, tairi lililotiwa kashata upya linadumu kiasi gani ukilinganisha na jipya, bei ikipanda dola kadhaa kwa tairi itakugusa vipi. Soma maswali yaliyoko kwenye tangazo, yamepewa namba, chagua moja au mawili tu unayoyajua na ujibu kwa namba yake. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mimi ni dereva wa mizigo, naendesha kati ya Tacoma na Portland. Najibu swali kuhusu maisha ya matairi. Matairi yangu ya nyuma hubadilishwa kila baada ya maili kadhaa, risiti nimeambatanisha. Naunga mkono mbadala wa 6PPD kwa sharti kwamba ujaribiwe pia kwenye malori mazito na sio magari madogo tu, na kwamba bidhaa inayotokana nao ukikutana na ozoni ipimwe kwa samaki kabla haujaruhusiwa."

Weka maili zako za kweli, ambatanisha risiti na yale majibu ya kampuni ya tairi, ila futa kwanza anwani ya nyumbani, namba ya simu na namba za kadi, kwa sababu unachotuma kinawekwa wazi dunia nzima isome. Kama Kiingereza kinakusumbua mpe kijana wako wa shule akunyooshee, ila mawazo yabaki yako. California wana dirisha lao humohumo CalSAFER na Washington ni kupitia idara ya Ecology, barua ileile unaweza kuituma kote ukibadilisha kichwa tu.

Ukishabonyeza kutuma kwenye regulations.gov utapewa namba ya ufuatiliaji, ipige picha. Maoni hayatokei hapohapo, yanapitiwa kwanza, kwa hiyo usitume mara tano. Siku kanuni ya mwisho ikitoka itakuja na maelezo marefu ambamo EPA inalazimika kujibu hoja nzito zilizotolewa, fungua humo utafute hoja yako uone walisema nini.